Kidole Kikikunjika Usikifiche Mfukoni

Juzi niliandikiwa na binti mmoja wa Malindi. Alituma picha ya mkono wa babake: kidole cha pete kimeinamia kiganjani, na chini yake kamba ngumu imesimama ndani ya ngozi utadhani mtu kapitisha mshipi wa kuvulia. "Ami, nasikia nawe uliwahi kuwa hivi," akaandika. "Baba anaambiwa ametupiwa kitu. Kuna mtu ataka shilingi 15,000 amchanje chale akitoe. Tumpeleke? Na je, ataweza kutupa nyavu tena?"

Nilimjibu pale pale kwamba hizo 15,000 wasizitoe. Lakini si yeye wa kwanza kuniuliza, kwa hivyo leo nayaandika yote, asome yeye na wasome wengine.

Mimi ni fundi wa mashua hapa Lamu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kusoma nasoma, na kwa ugonjwa huu wa kidole kukunjika, uitwao Dupuytren, nimesoma hadi binti yangu anayesomea uuguzi akaniambia, "Baba, kilichobaki ni wewe kwenda kufanya mtihani."

Yangu ilianza na kijiuvimbe cha ukubwa wa choroko, mkono wa kulia, chini ya kidole cha pete. Hakiumi, hakiwashi. Kila aliyekitazama alisema ni sugu, kwani mtu anayeshinda na tezo na randa atakosaje sugu? Lakini sugu iko juu ya ngozi, ukiikwangua inatoka. Hiki kilikuwa chini, na ngozi ya juu yake ikaanza kuvutwa ndani ikafanya kishimo. Miaka ikapita. Kutoka kwenye kishimo ikaota kamba kuelekea kidoleni, na kidole kikaanza kuinama taratibu, bila maumivu. Hapo ndipo ugonjwa huu unapowapata watu. Kisichouma hakimpeleki mtu hospitali.

Kushika nyundo hakukunisumbua hata siku moja. Kukunja ngumi nilikuwa nakunja. Shida ilikuwa kufungua. Nikitia mkono kwenye mfuko wa kanzu, kidole kinanasa mdomoni mwa mfuko. Nikitawadha, nikifika kuosha uso, kidole kinaniingia jichoni. Nikisujudu, kiganja hakilali kwenye msala, kinabaki kimeinuka kama daraja dogo na mchwa apite chini yake. Baadaye nikasoma kwamba madaktari wana kipimo hicho hicho: unaweka kiganja juu ya meza, na kisipolala bapa, ni wakati wa kumwona mpasuaji. Sisi tunacho kipimo hicho mara tano kwa siku, tena bure. Kitumie.

Sasa niseme lililoniuma, maana mkono wenyewe haukuuma. Tulikuwa kwenye walima, tumeketi kuzunguka sinia ya pilau. Mtu niliyesoma naye chuo cha Kurani tukiwa wadogo, tumekula pamoja maisha yetu yote, alitazama mkono wangu ukiingia kwenye wali, akanyanyuka akaenda sinia nyingine. Akasema kule nyama ni nyingi. Haikuwa nyingi, niliiona. Wiki hiyo hiyo nikasikia mtaani kwamba mimi nina ukoma. Kuanzia hapo nikawa natembea mkono mfukoni, na nikialikwa natoa udhuru. Leo namsalimia, namuuliza hali ya watoto, lakini sijasahau.

Na hata ungekuwa ukoma, ndiyo nini? Ukoma unatibika, na dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995. Tena dalili zake ni nyingine kabisa: mabaka ya ngozi yasiyohisi, ganzi ya mkono, mishipa ya fahamu iliyovimba, na vidole hukunjika kwa sababu misuli imekosa nguvu. Mimi nilikuwa nahisi kila kitu. Ukinigusa kidole na ncha ya sindano naruka.

Hospitali ya kwanza niliandikiwa vidonge vya maumivu. Nikauliza, maumivu yapi? Nikaambiwa hiyo ni baridi yabisi. Ile baridi yabisi halisi huvimbisha viungo na kuviuma, hasa alfajiri, na mimi sikuwa na uvimbe wa kiungo hata kimoja. Kwingine nikaambiwa kwa sauti ya mzaha, "Mzee, huu ni ugonjwa wa Wazungu, wewe umeupata wapi?" Nikaondoka na mkono wangu na aibu yangu.

Aliyenifanyia mzaha hakukosea yote. Ugonjwa wenyewe unaitwa jina la mpasuaji wa Paris, Guillaume Dupuytren, aliyeufundisha 1831, ingawa walikuwapo walioueleza kabla yake. Huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wanaume kuliko wanawake, na mara nyingi baada ya miaka 50. Margaret Thatcher alipasuliwa kidole kwa ajili yake 1986 akiwa waziri mkuu wa Uingereza, na Ronald Reagan, rais wa Marekani, naye Januari 1989, zikiwa zimebaki siku chache atoke ikulu. Kwa Waafrika ni nadra. Lakini nadra si kusema haupo! Unatembea katika koo, na pwani yetu hii ina damu za kila bandari. Unahusishwa pia na sigara, pombe na kisukari. Sigara niliacha zamani na pombe sijaionja. Sukari ninayo. Na nimesoma kuwa kwa wenye sukari mara nyingi hushika kidole cha pete na cha kati, wakati kwa wengine hupenda cha pete na cha mwisho. Changu cha kati nacho kilikuwa kimeanza kuota kamba. Kwa hivyo wewe unayesoma hapa na kiganja chako kina kijiuvimbe, kapime sukari. Usingoje kikunjike. Kapime sukari.

Kinachokunjika si kano wala mfupa. Chini ya ngozi ya kiganja kuna utando mgumu unaoishikilia ngozi isiteleze tukishika kitu. Utando huo ndio unaonenepa, ukafanya kamba, ukavuta. Ndiyo maana kuusugua na mafuta ya nazi hakusaidii, kuuvuta kwa nguvu hakusaidii, na chale ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mishipa ya fahamu ya kidole hupita ubavuni mwa kamba, na mara nyingine kamba huiviringisha na kuisogeza mahali pasipo pake. Mchanja chale haioni. Akiikata, kidole kitanyooka au hakitanyooka, lakini hisia itakuwa imekwenda.

Usichanganye na kile kidole kinachonata, ambacho ukikikunja kinakwama, halafu kinafunguka ghafla kwa mlio. Hicho ni kano kukwama kwenye njia yake, na mara nyingi hutibiwa kwa sindano ya steroidi, ambayo mwenye sukari ajue itampandishia sukari kwa siku kadhaa.

Aliyenifaa ni mpasuaji wa mifupa Mombasa. Nilivuka Mokowe alfajiri, nikapanda basi, na njia nzima kupitia Witu na Garsen nilikuwa najifunza maneno ya kumwambia. Sikuyatumia. Aliuchukua mkono wangu, akapitisha kidole gumba juu ya kamba, akaniambia nilaze kiganja mezani, akanitajia jina la ugonjwa. Basi. Nilikaribia kulia pale, mtu mzima na ndevu zangu.

Akanieleza njia zilizopo. Ipo ya kuikata kamba kwa ncha ya sindano chini ya ganzi, mtu anarudi nyumbani siku ile ile, ila kamba hupenda kurudi mapema. Ipo dawa ya kudungwa inayoyeyusha kamba. Marekani iliidhinishwa 2010, na Ulaya iliondolewa sokoni 2020. Mimi hiyo sikupewa. Na upo upasuaji wa kuuondoa utando wenyewe, ndio niliofanyiwa. Akanifundisha na jambo hili, na ndilo nalirudia kwa kila mtu: kiungo cha chini, pale kidole kinapoota kiganjani, hunyooka vizuri hata kikichelewa. Kiungo cha katikati kikishakunjika kina ukaidi, na kadiri unavyokaa ndivyo kinavyozoea. Kwa hivyo nenda mapema. Kikianza tu kuinama, nenda.

Lakini hakunipasua siku ile. Alisema kwanza sukari ishuke, kidonda cha kiganja hakina mchezo kwa mwenye sukari. Nikapunguza wali, nikaacha halua, nikameza dawa zangu kwa saa.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, ganzi ilipigwa kwapani na mkono ukawa si wangu. Mshono ulikwenda kwa kona kona, kiganjani hadi kidoleni, ili kovu lisije nalo likavuta. Kazi ilikuwa baadaye. Usiku nalala na banzi la plastiki, mchana nakunja na kukunjua kama nilivyoelekezwa, na mke wangu ananihesabia kama mwalimu wa chuo. Wako wanaopasuliwa wakarudi nyumbani wakaulaza mkono kwenye mto, halafu wanasema daktari ameharibu. Daktari hakuharibu! Mkono usioufanyisha kazi unakauka. Vijana, mwachieni mzee wenu mazoezi yake, msimbebee kikombe kwa huruma.

Kidole changu leo hakijanyooka sawasawa, kimebaki na kipinde kidogo kwenye kiungo cha katikati. Kiganja kinalala kwenye msala. Uso naosha bila kujichoma. Ugonjwa huu haung'olewi mzizi, unaweza kurudi, na mkono wa kushoto nao umeshaanza kijiuvimbe. Nauangalia. Safari hii siufichi.

Sasa binti yangu wa Malindi, mpeleke mzee akapime sukari, kisha mtafute mpasuaji wa mifupa au wa mikono, na mbebe orodha ya dawa zote anazotumia. Aulizwe pia kama babake au ami zake walikuwa na vidole hivyo. Akisitasita, mwambie aweke kiganja mezani mbele yako. Na kuhusu nyavu: mimi nilipasuliwa upepo wa kaskazi ukianza, na wa kusi ulipoingia miezi michache baadaye nilikuwa nimeshika tezo, nachonga taruma za mashua ya mtu wa Faza. Tezo ni nzito kuliko nyavu.