Filta mpya, oili inavuja

SWALI: Nina Toyota IST ya cc 1500. Juzi fundi alimwaga oili akafunga filta mpya. Kesho yake nikakuta oili chini ya gari na filta imelowa. Fundi anataka kuikaza zaidi kwa spana ya mnyororo. Nimruhusu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usimruhusu, na gari usiliwashe kwanza. Filta inayovuja mara tu baada ya kubadilishwa huwa mara nyingi imekalia mipira miwili: ule wa filta ya zamani uliganda kwenye injini, na mpya ukabanwa juu yake. Injini ikishika kasi, presha inaweza kuusukuma mpira nje na oili ikaisha barabarani. Kukaza hakuponyi hilo, kunaharibu filta tu.

Aifungue, beseni likiwa chini. Kisha apapase kwa kidole pale filta inapokalia. Mpira wa zamani ni mweusi, umeshakuwa bapa, na kwenye kiza cha chini ya injini unafanana na chuma chenyewe, macho hayatoshi. Aubandue, afute pakavu, na autazame mpira wa filta mpya. Ukiwa umekatika au umejikunja, nunua filta nyingine. Bei yake si ya kubishania.

Mpira upakwe oili safi kabla ya kufungwa, maana ukiwa mkavu huvutika na kujikunja. Filta izungushwe kwa mkono hadi mpira uguse injini, iongezwe robo tatu ya mzunguko, basi. Spana ya mnyororo ni ya kufungulia, si ya kufungia.

Halafu oili. Injini yako, 1NZ-FE, inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Galoni ni lita 4, na mafundi wengi humimina yote ili "isibaki". Oili ikizidi sana hufika kwenye kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), inapigwa hadi inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Mimina lita 3.4, washa dakika moja huku mtu akichungulia filta, zima, subiri dakika 5, kisha ongeza kidogo kidogo ukifuata dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.

SWALI: Naweza kubadilisha oili na kuiacha filta hadi awamu ijayo? – Msomaji, Thika

JIBU: Gari litatembea, lakini hiyo si akiba. Kwa injini kama ya swali lililotangulia, takriban lita 0.3 ya oili chafu hubaki na kuchanganyika na mpya. Baya zaidi, filta ikiziba, vali iliyowekwa kwa dharura hufunguka na kupitisha oili bila kuchujwa. Taa ya oili haitawaka, kwa sababu presha ipo. Uchafu unaenda moja kwa moja kwenye beringi.

Ukifunga filta mpya, taa ya oili ikichelewa kuzima kwa sekunde chache usishtuke: filta inajaa. Usikanyage mafuta kabla haijazima. Ikipita sekunde 10, zima injini.