Mtoto namba 2

Mwanangu Neema,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa kwenye daladala nimebanwa na ndoo ya mtu, nikashindwa kujibu. Umeuliza kitu kimoja tu, ati "Mama, ungekuwa wewe ungeacha kufundisha ukaenda Oslo miaka mitatu kusomea PhD ya elimu kwa michezo?" Sasa tangu juzi najaribu kulijibu hilo na kila nikianza najikuta najibu lingine, yani ile miaka yangu mimi ya kuhesabu watoto ilimsaidia nani. Nivumilie, unanijua mama yako.

Ile kaseti unaikumbuka? Iliyokuwa inakaa kwenye sanduku la bati la bibi, mnakatazwa kuigusa, alafu kaka yako akaenda kurekodia Bongo Fleva upande wa pili nikamchapa. Mlidhani ni mahubiri. Ile ni sauti ya baba yenu, Mungu amrehemu, alinirekodia mwaka 1996 sebuleni tumefunga madirisha ili jogoo wa jirani asiingie. Anasema "angalia", zinapita sekunde 6, anasema "andika", zinapita sekunde 6, tena "angalia", hivyo hivyo mpaka dakika 40 zinaisha. Katikati anakohoa.

Kipimo chenyewe, kile nilichotumia kwenye utafiti wa PhD yangu kuhusu vipindi vya michezo, kilitoka Marekani, kwa akina Daryl Siedentop wa Ohio, na wazo lao ni rahisi ila lina makali: usimtazame mwalimu anafundisha vizuri kiasi gani, mtazame mtoto, muda gani anafanya zoezi kweli na analiweza. Kusubiri zamu hakuhesabiki, kupanga mstari hakuhesabiki, kusikiliza maelezo nako kuna herufi yake pembeni. Unachagua watoto watatu, unawafuata mmoja mmoja, redio kaseti begani na waya sikioni. Ukipiga hesabu, dakika 40 ni visanduku 200 vya kujaza. Herufi nilizigeuza za Kiswahili, F ya kufanya, S ya kusubiri.

Basi nikaenda Morogoro, shule moja ya msingi, darasa la tano, watoto zaidi ya 70 na mpira mmoja. Mwalimu wao alikuwa mtu mwema, nalisema hili mapema kwa sababu ya yatakayofuata. Aliwatoa nje, akawapanga, akaita majina, wavulana wakaanza kugombea ule mpira, na yule binti niliyempa namba 2 akaenda kusimama kwenye kivuli cha mwembe ameshika masweta ya wenzake. Masweta manne. S, S, S, S. Karatasi yake nikiitazama hadi leo utadhani nilikuwa nambembeleza mtoto alale.

Unajua ninachoamini, nimewaimbia tangu mko wadogo mpaka mkaanza kuniiga mezani: mtoto aliyesimama pembeni ndiye kipindi chenyewe. Nchi hii ukitamka michezo tu kila mtu anamuwaza Filbert Bayi, mkimbiaji wetu. Hata mimi! Babu yako habari yake ya Christchurch, huko New Zealand, ilipotangazwa redioni mwaka 1974, 3:32.16 kwenye mita 1500, rekodi ya dunia, tena kaongoza tangu mwanzo John Walker yuko nyuma yake anamkimbiza, alitutoa nje mimi na mjomba wako akatuzungusha shamba lote la kahawa mpaka mjomba wako akatapika. Zile sehemu za sekunde tunazijua kwa moyo miaka zaidi ya 50 sasa. Za huyu aliyeshika masweta nani alikuwa anazihesabu? Nilihesabu mimi. Na siku naiwasilisha hiyo PhD mzee mmoja wa paneli akavua miwani akaniuliza, "Kwa hiyo mama umekaa miaka yote hii unahesabu watoto waliosimama?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, ndicho kinachoniudhi.

Lakini hapana, hilo si ndilo linaloniuma, hilo nalisimulia kwenye harusi. Linaloniuma ni hili. Siku ya tatu wakati wa mapumziko nilikuwa nyuma ya vyoo natafuta mahali pa kubadilisha betri, nikakuta wasichana wanacheza rede. Katikati yuko namba 2. Mpira wa soksi na mifuko ya nailoni unatoka huku unatoka kule, yeye anaukwepa, anachuchumaa, anateka mchanga anajaza chupa, anaruka, anapinda mgongo kama samaki, huku anaimba hesabu kwa sauti. Sijawahi kuona mwili wa mtoto una akili vile. Na karatasi yangu haikuwa na kisanduku cha mapumziko! Kipimo kilitengenezwa kwa ajili ya kipindi, na kwenye kipindi yule mtoto alikuwa mti. Nilisimama pale betri mkononi, kaseti haizunguki, na kengele ikagonga.

Ungedhani hapo ndo nikapata akili. Sikupata. Nilimaliza kazi kama nilivyopangiwa na supavaiza, nikamuonyesha mwalimu karatasi zake, maana ndivyo tulivyofundishwa, urudishe matokeo kwa mhusika. Akazitazama muda mrefu. Akasema asante. Nilivyorudi muhula uliofuata akanipokea kwa soda kabisa, akaniambia kile kipindi sasa amekipa hisabati, "maana madam umeona mwenyewe hawachezi, bora wapate kitu cha mtihani." Yani namba zangu, zile zile nilizoona zitawatetea watoto, ndizo zilizowafungia darasani. Namba 2 hata ule mwembe nilimnyang'anya.

Sasa nabishana na nafsi yangu, maana ukweli kipindi kingeliwa tu hata bila mimi. Michezo haimo kwenye mtihani wa darasa la saba, na kitu kisicho na mtihani kwetu ni cha kuazima, ukipungukiwa muda unachukua hapo. Wewe mwenyewe si uliniambia mkuu wako wa shule anakumbuka michezo yakikaribia mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, tu? Na makala niliyoiandika baadaye kuhusu rede, ile fupi ambayo jarida la kwanza lilinirudishia wakisema haina data za kutosha, ndiyo wanachuo wangu walikuwa wananiuliza kuliko hiyo PhD. Wakienda BTP, mazoezi ya kufundisha mashuleni, walikuwa wanashona mipira ya soksi 20, wanagawa darasa makundi manne, kipindi kinakuwa kipindi. Kwa hiyo kuna faida. Ila ile makala niliiandika bila kaseti, na bila hizo mashine mnazowavalisha watoto kiunoni siku hizi kupima mwendo. Niliiandika kwa kukaa nyuma ya vyoo. Alafu tena najiuliza, bila kaseti ningekuwa nimekaa nyuma ya vyoo natafuta nini?

Jina lake sijui. Maadili ya utafiti yalisema usiandike jina, mimi nikapitiliza sikuuliza hata. Leo ni mama wa miaka 40 na kidogo, pengine tumepishana Msamvu stendi.

Unataka niseme nenda. Sisemi. Wala sisemi baki, ukibaki kwa maneno yangu utakuja kuninunia nikiwa bibi kizee siwezi kukimbia. Sikuambii kitu. Ila kitanda cha futi tatu na nusu kile cha kaka yako nimeshakianika godoro, na mama Asha kanitajia chekechea ya hapa jirani ada yake si mbaya na Baraka wako atafika kwa miguu, lakini hayo ni mambo yangu mimi, yasikusukume. Wale wa Oslo wakikupa kipimo cha kutumia waulize tu kina kisanduku cha mapumziko au hakina, hilo ni swali la kawaida, halina maana kwamba nimesema uende.

Kaseti nimeipata, utepe haujajikunja. Cha kuichezea ndo sina, redio ya bibi ilikufa zamani. Pita kwa mafundi hapo Dodoma uulize kama kuna mwenye deki nzima, hata ya kuazima siku moja. Upande wa A. Nataka kusikia pale anapokohoa.

Mama yako