Kabichi Inajaa Maji, na Sokoni Imepanda Bei

SWALI: Shikamoo shangazi. Nauza wali maharage karibu na stendi ya Moshi. Kabichi yangu ikiiva inaogelea kwenye maji, na wiki hii pale Mbuyuni imepanda bei. Niweke mboga gani badala yake? – Msomaji, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabichi ni maji, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Ukitia chumvi mapema na kufunika sufuria, unayaita yote yatoke. Mimi naikata nyembamba kama uzi, nakaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi, natia karoti, kisha kabichi kidogo kidogo, moto mkali, bila mfuniko. Dakika tano tu. Chumvi mwishoni, na uepue ikiwa bado inalia ukiitafuna.

Badala yake, anza na sukuma wiki. Ni ndugu wa damu wa kabichi, mmea uleule, ila haufungi kichwa. Viringisha majani kama kumi pamoja, yabane kwa vidole, ukate nyuzi nyembamba. Upishi ni uleule. Loshuu ya Arusha ni ya ukoo huo pia, ina ukali kidogo wa haradali. Chainizi hulegea haraka, dakika mbili zinaitosha.

Mnafu hapana. Naupenda mno, hasa ukiungwa kwa maziwa, lakini uchungu wake unataka ugali. Kwenye wali maharage wateja watauacha sahanini.