Faili la Kiingereza, Maumivu ya Kiamu

Mgonjwa wa Lamu hukueleza maradhi yake kwa Kiamu, Kiswahili cha huku, nawe faili huliandika kwa Kiingereza. Makosa mengi huzaliwa hapo katikati, stetoskopu ikiwa bado shingoni. Kwa daktari, afisa wa kliniki au nesi aliyepangiwa kazi huku, zoea hili: mstari wa kwanza wa historia uwe maneno ya mgonjwa yaleyale, kwa Kiswahili. Tafsiri ije chini yake.

Chukua neno "moyo". Aliyechafukwa na moyo ana kichefuchefu, si maradhi ya moyo. Anayeumwa na chembe cha moyo anakuonyesha chini ya kidari, juu ya kitovu, na mara nyingi ni vidonda vya tumbo. Lakini usilale: mshtuko wa moyo nao huweza kuuma papo hapo, hasa kwa mzee mwenye sukari. Uliza jasho, uliza pumzi, uliza kama maumivu yapanda taya au yashuka mkono, na kipimo cha umeme wa moyo kikiwepo kipigwe. "Mguu" nao huanzia nyongani mpaka vidoleni, "mkono" huanzia begani, na "homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwengine ni mafua. Dawa ya yote haya ni sentensi moja: "Hebu nionyeshe kwa kidole kimoja."

Mtego mkubwa zaidi ni "mshipa". Ni mshipa wa damu, ni neva, ni kano, na kwa wanaume wa pwani mara nyingi ni ngiri au busha ambalo mtu hataki kulitaja. Matende na busha si wageni pwani hii, kwa hiyo mwanamume anayelalamikia mshipa hujamchunguza mpaka umemtazama kinena na pumbu, kwanza akiwa amesimama, kisha umwambie akohoe. Shika uvimbe kwa juu, kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwenye busha vidole hukutana juu ya uvimbe. Kwenye ngiri iliyoshuka havikutani, kwa sababu uvimbe watoka tumboni. Kisha tochi: maji ya busha hupitisha mwanga. Busha la miaka mingi hunenepa ukuta na mwanga usipenye, kwa hiyo tochi peke yake isikuamulie.

Ukiuliza "ni maumivu ya namna gani?" utajibiwa "makali" tu. Mpe maneno achague: yachoma, yasokota, yapwita, yavuta, au yawaka? Kitwa kinachowanga upande mmoja kwa kupwita, na mgonjwa akikimbia mwanga, si sawa na kitwa kinachobana kote kama kilemba. Tumbo linalosokota, likaja na kuachilia, ni la utumbo au mrija wa mkojo, na mwenye nalo hugaagaa asijue akae vipi. Mwenye utando wa tumbo uliovimba hulala kimya, hataki hata kitanda kiguswe. Hayo mawili huyaona tangu mlangoni.

Halafu saa. "Saa mbili usiku" ukiiandika 2 faili nzima imepotoka, ni 20:00. Geuza papo hapo, tena kwa saa 24. Hatari zaidi ni siku. Kwa watu wengi wa huku siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kutua. Kwa kuumwa na nyoka, chupa kupasuka kwa mja mzito au mtoto aliyeacha kukojoa, kosa la saa 24 si dogo. Uliza: "Ilikuwa kabla ya sala ya Ijumaa au baada yake?" Hapo hamkosani.

Dawa ni mlango mwengine wa kupoteza habari. "Watumia dawa gani?" hujibiwa "hakuna", kisha mkobani zatoka vidonge vya presha. Sindano ya sukari wengine hawaihesabu kuwa dawa, wala habasoda, mwarubaini, kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa) au chuku (kuumikwa) mgongoni. Taja kimoja kimoja, tena bila kukunja uso, kwa sababu ukikunja uso cha pili hutaambiwa. Ramadhani uliza vidonge vya "mara tatu" vyamezwa saa ngapi, maana kati ya daku na futari hakuna mara ya tatu ya mchana.

Mgonjwa akija na mama mkwe au mume, muulize mgonjwa kwanza, na jibu lake liandikwe kwanza. Maswali ya hedhi, ya kinena na ya nyumbani yangojee wakati wa uchunguzi, ambapo msindikizaji mwanamume hutoka bila kuvunjiwa heshima.

Kwenye uchunguzi wa mwanamke, leso mbili zatosha: moja kifuani, moja kuanzia kiunoni hadi miguuni. Fungua sehemu moja, imalize, ifunike, ndipo ufungue nyengine. Mwanamke mwenzake awepo chumbani, na kila hatua itajwe kabla ya mkono kufika. Usisikilize kifua juu ya buibui. Kitambaa kikisugua stetoskopu hutoa sauti kama ya nywele zinazosuguliwa karibu na sikio, nayo ndiyo sauti ya mapafu yenye maji au nimonia. Daktari Mfaransa Laennec alibuni chombo hiki Paris mwaka 1816 kwa sababu aliona haya kuweka sikio kwenye kifua cha mwanamke, kwa hiyo stira na stetoskopu ni ndugu tangu mwanzo. Feni izimwe pia.

Hina hufunika viganja na kucha, na hapo ndipo wengi hutafuta upungufu wa damu. Shusha kope la chini, tazama na ulimi. Kipimo cha oksijeni kiwekwe kwenye kidole kisicho na hina, au sikioni. Manjano ya macho itafutwe dirishani kwa mwanga wa mchana. Ndani ya nyumba ya mawe, chini ya balbu ya manjano, hutaiona.

Presha hupotoshwa na kahawa tungu, sigara na miraa. Zipite dakika 30, kisha akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono usawa wa moyo, mdomo kimya. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba, na mkono wa nguo uliosokotwa juu ukabana huiharibu pia. Pima mara mbili, dakika moja au mbili zikipita katikati.

Pumzi za mtoto zihesabiwe dakika nzima, ametulia au amelala, na umhesabu kabla hujamgusa. Huwa za kasi zikifika 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa mwaka 1 hadi kabla ya 5. Sekunde 15 mara nne ni kubahatisha, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja.

Tumboni, tazama, sikiliza, ndipo uguse, tena mkono uwe na joto na uanze mbali na panapouma, macho yako yakiwa usoni mwake. Wengu uliovimba huteremka kwa mshazari kuelekea kinena cha kulia. Anza huko chini kulia na upande kushoto, akivuta pumzi kila hatua. Ukianzia chini ya mbavu za kushoto, wengu mkubwa wa malaria ya mara kwa mara utakuwa chini ya kiganja chako nawe usiujue, kwa sababu ukingo wake umeshaupita.

Ukimaliza mrudishie kwa Kiswahili ulichoandika kwa Kiingereza, akusahihishe. Na akishavaa ndara, mkono mlangoni, akasema "na jengine dogo, daktari", mrudishe kitini na ufungue faili upya.