Tusi lililoanzia jikoni

Swali la wiki hii lilikuwa: neno la Kiingereza "slut" limetoka wapi, na je, ni sawa kulitafsiri "malaya"?

Nianze na la pili. Si sawa, ingawa mtaani "malaya" hurushiwa hata asiyeuza. Msingi wa malaya ni biashara, na "slut" halina habari ya pesa: anatukanwa mwanamke anayedhaniwa kulala na wengi, na pengine sketi fupi tu imemponza. Kirukanjia linakaribia zaidi, au kicheche kwa lugha ya mitaani.

Kwa asili, neno hili lilihusu uchafu. Mshairi Thomas Hoccleve alilitumia mwaka 1402, na mwishoni mwa karne ya 14 mshairi mwenzake Chaucer alikuwa ameshamwita mwanamume mwenye nguo chafu "sluttish", yaani mwenye tabia ya "slut". Ndiyo, mwanamume! Wapishi nao walikuwa na "senti za slut", yaani madonge magumu ndani ya mkate: unga haukukandwa ukalainika, basi ukabaki mabongemabonge hata baada ya kuokwa. Vumbi linalojisokota chini ya kitanda lilikuwa "sufu ya slut". Mwaka 1664 Mwingereza Samuel Pepys aliandika kwenye shajara yake kwamba kijakazi wake Susan ni "slut" wa kupendeza sana, na alikuwa akimsifu. Kamusi ya Kiingereza ya Johnson ya 1755 bado ilisema ni mwanamke mchafu.

Maana ya ngono nayo ilikuwapo tangu karne ya 15, kwa hiyo mbili hizo zilikwenda sambamba kwa muda mrefu. Mfasiri wa maandishi ya zamani atazame kinachozunguka neno: pakiwa na ufagio, sufuria au vumbi, aandike "mchafu" au "goigoi". Leo maana hiyo haimwokoi mtu. Mwaka 2013 mwanasiasa wa Uingereza, Godfrey Bloom, aliwaita hivyo wanawake wasiosafisha nyuma ya friji. Alijitetea kwa maana ya kale, chama chake kikamtenga. (Kiswidi kina "slut" pia, maana yake "mwisho". Hayana undugu.)

Penye kosa kubwa la tafsiri ni SlutWalk, maandamano yaliyoanza Toronto Aprili 2011 baada ya polisi mmoja kusema wanawake wasivae kama "slut" ili wasidhurike. Ukiyaita "Maandamano ya Malaya", msomaji atadhani wanadai haki za biashara ya ngono, kumbe wanapinga aliyebakwa kulaumiwa kwa nguo zake. Liache jina lilivyo, kisha lieleze kwa sentensi moja.