Sensa ya Kugonga kwenye Subaru Yangu: Nilivyoibadilisha Uani, Malindi

Taa ya injini iliwaka Matsangoni, nikitoka Mombasa kurudi nyumbani. Nilikuwa nataka kulipita lori la mawe. Nikakanyaga mafuta, tabo (pampu inayoisukumia injini hewa zaidi) ikalia kama kawaida yake, lakini gari halikuchomoka. Lilikuwa zito, kama limebebeshwa magunia. Nikarudi nyuma ya lile lori na kulifuata polepole hadi Gede, roho haina raha.

Gari langu ni Impreza WRX ya mwaka 2006, injini ya boksa, yaani ile ambayo silinda zake zimelala pande mbili, ya lita 2 yenye tabo. Wengi wa rika langu tulianza kuzipenda Subaru kwa ajili ya Safari Rally. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo tena mwaka 2000. Kwa hiyo gari hili silichukulii kama chombo cha kunifikisha sokoni tu, na likiugua nataka kujua ni nini hasa kinachouma.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilinibadilishia plagi nne, kisha sensa ya oksijeni. Nikalipa, nikaondoka, na kabla sijafika nyumbani taa imerudi. Hakuna aliyekuwa amechomeka mashine ya kusoma kodi, yaani zile namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huziweka. Nilipoazima mashine ya rafiki yangu mmoja wa Kisumu Ndogo, ikatoa P0327. Hiyo ni kodi ya sensa ya kugonga: umeme unaotoka kwenye sensa hiyo uko chini kuliko unavyotakiwa.

Sensa ya kugonga ni sikio la injini. Ndani yake mna kipande kidogo ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo sana. Petroli ikiripuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuwaka kwa mpango, bloku, yaani mwili wa injini, hutetemeka kwa namna yake maalumu, sensa ikasikia, kompyuta ikachelewesha cheche ya plagi ili kuinusuru injini. Sensa ikifa, kompyuta haisikii tena, basi inaamua kujihadhari: inachelewesha cheche wakati wote. Ndiyo maana gari huwa zito na hunywa mafuta zaidi. Na ndiyo maana nakusihi usilikimbize gari la tabo taa hiyo ikiwa imewaka. Magari haya ya Japani yalipangwa kwa petroli ya okteni ya juu, ile isiyoripuka ovyo upesi, na injini ikigonga kwa nguvu pasipo mlinzi, pistoni hupasuka. Bei ya pistoni na kazi yake huwezi kuilinganisha na bei ya sensa.

Sasa, kodi inakutajia njia ya umeme iliyo na matatizo. Haikuambii kwamba sensa yenyewe imekufa. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote nitakayosema hapa, kwa sababu sisi wa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawana: chumvi. Upepo wa kusi ukivuma miezi yote ile, unyevu wa bahari unaingia kwenye kila soketi ya waya. Nilipofungua soketi ya sensa nilikuta shaba imegeuka kijani. Nikaisafisha kwa brashi ya meno na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, nikairudisha, taa ikazimika. Ilikaa wiki mbili kabla ya kurudi. Kwa hiyo kwangu mimi matatizo yalikuwa mawili, na lile la kwanza lilinificha la pili. Kwako huenda likawa hilo la soketi tu, au panya amekula waya. Ikague njia nzima kabla hujanunua chochote.

Baada ya soketi, pima ukinzani wa umeme wa sensa yenyewe kwa mita. Katika injini hii sensa isiyo na kasoro husoma kama kilo-omu 560. Ikishuka chini ya 400 au ikipita 700, ina kasoro. Yangu ilikuwa inarukaruka, mara 300, mara hakuna kitu. Hapo nikaridhika kuagiza mpya, na niliagiza ya kiwandani. Za bandia ziko tele na zinafanana kwa sura, lakini sikio bovu ni hatari kuliko kukosa sikio.

Ugumu wa kazi hii ni mahali sensa ilipo. Imefungwa juu ya bloku, chini ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayoigawia kila silinda hewa), nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini. Ukifungua boneti huioni. Mtu anaweza kukwambia lazima uitoe manifoldi nzima, usikubali haraka. Ukitoa ile intakula, kipoza hewa ya tabo, iliyolala juu ya injini, mkono unapata njia.

Nilianza baada ya sala ya alfajiri, kivulini chini ya mwarobaini, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha. Tabo iko jirani na unapofanyia kazi, na joto la Malindi halimpi mtu subira ya kushika chuma cha moto. Nikatoa waya hasi wa betri. Nikalegeza klipu za mipira ya intakula upande wa tabo na upande wa throtoli (mlango wa hewa wa injini), nikaachanisha vali ya kupunguzia upepo, nikafungua bolti zinazoishikilia, nikaiinua moja kwa moja juu bila kuipindapinda. Matundu mawili yaliyobaki wazi niliyaziba hapo hapo kwa vitambaa safi. Usiache hata dakika moja. Nati ikidondoka ndani ya throtoli au kwenye bomba la tabo, siku yako imeharibika, na pengine injini pia.

Mtoto wa ndugu yangu, ana miaka kumi na sita, alikuwa ananishikia tochi. Bolti ya sensa inataka soketi ya spana ya milimita 12, upanuzi mrefu na kiungo cha kupinda. Ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikaipulizia mafuta ya kulegeza, tukanywa chai, tukarudi baada ya nusu saa. Ikafunguka taratibu, nikaanza kuivuta, halafu nikasikia:

"Ami, imeanguka!"

Bolti imeingia pengoni juu ya gia boksi. Tulitumia saa nzima kuitafuta kwa sumaku ya fimbo. Tangu siku hiyo, kila kiungo cha spana zangu nakizungushia tepu ili soketi isichomoke, na ndani ya soketi natia kipande cha karatasi ili bolti ibane. Kijana naye mkono wake ni mwembamba, akaweza kuingia pale ambapo wangu ulikwama. Kama una kijana nyumbani anayependa magari, mwite. Atajifunza na atakufaa.

Sensa ya zamani ilipotoka tuliona ufa kwenye plastiki yake, mwembamba kama unywele. Miaka ya joto la injini.

Hapa sasa ndipo nilipokosea, na ndipo wengi hukosea. Niliiweka mpya, nikaikaza kwa nguvu za mkono mpaka nikaona imeshika, nikafunga kila kitu. Siku ya tatu taa ikawaka tena. Ilinibidi nifungue upya. Sensa hii inasikia kwa kugusana na bloku, chuma kwa chuma. Ikiwa chini yake pana uchafu, kutu au grisi, haisikii vizuri. Ikilegea, haisikii. Ikikazwa kupita kiasi, inabanwa na kusikia visivyokuwepo, au inapasuka. Kipimo chake cha kukazia ni nyutoni-mita 24, na hakuna mkono unaoweza kukisia hilo ukiwa umejikunja juu ya injini. Niliazima spana ya kupimia nguvu. Nikasugua sehemu ya bloku kwa kitambaa kigumu mpaka chuma kikang'aa, nikapangusa vumbi lote, sikuweka washa (kile kipete cha chini ya bolti), sikuweka grisi, sikuweka gundi ya nyuzi za bolti. Nikahakikisha mkia wa sensa unaelekea kule kule ulikoelekea ule wa zamani, maana ukielekea pengine waya unavutika au unagusa manifoldi. Kama utajifunza jambo moja la vifaa kwenye ukurasa huu, tafuta spana hiyo, hata ya kuazima.

Grisi ninayoitumia ni ya umeme, kidogo tu kwenye mpira wa soketi ya waya, kuzuia ile chumvi. Isifike kwenye sehemu sensa inapokaa.

Unaporudisha intakula, chukua muda na mipira. Mpira usiokaa sawa unavujisha upepo wa tabo. Utasikia mluzi na gari litakuwa zito vile vile, ukadhani sensa mpya nayo ni mbovu. Kaza klipu, kisha jaribu kuuzungusha mpira kwa mkono. Ukizunguka, bado.

Nikafuta kodi kwa mashine, nikaliacha gari lingurume dakika kumi bila kukanyaga mafuta. Kisha tukalitoa mimi na kijana wangu, tukavuka daraja la Sabaki hadi Mambrui, mwendo wa wastani tu, tusilisukume mpaka kompyuta ijifunze upya. Wakati wa kurudi, baada ya daraja, barabara ilikuwa tupu. Nikakanyaga. Tabo ikalia, na safari hii gari likaondoka nasi.

Nilichomeka tena mashine siku ya saba, halafu siku ya ishirini, hata kama taa haikuwaka. Kodi nyingine hujificha kwa muda kabla ya kuwasha taa. Hapakuwa na kitu. Kila msimu wa kusi ukiisha, naifungua ile soketi, naitazama shaba yake na kuipangusa.