Umepigwa au umedhalilishwa na hujui pa kuanzia? Soma hapa, Unguja na Pemba

Asalaam alaykum jamani. Kuna suali naulizwa sana, na mara nyingi anayeuliza anasema anamuulizia rafiki yake, nami simkatizi, namjibu huyo huyo rafiki. Mume kanipiga, au kuna mtu kanidhalilisha, au mwanangu kafanyiwa mambo, sasa niende wapi? Mie si daktari wala si mwanasheria, nilikaa kwenye ndoa ya kipigo nikatoka, na tangu hapo nshawasindikiza wenzangu kadhaa, kwa hiyo nnayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Kubwa kuliko yote ntakayosema leo ni hili: kwenda kutafuta msaada na kufungua kesi ni mambo mawili. Kwetu watu wananyamaza mana wanadhani ukifungua mdomo tu basi ishakuwa polisi, mahakama, baba watoto ndani, mawifi mlangoni na mtaa mzima una habari kabla ya adhuhuri. Kama wewe ni mtu mzima unaweza kwenda kumuona mshauri nasaha ukakaa, ukalia, ukaulizia mambo yako, ukarudi nyumbani, na suala la kesi ukalifikiria kichwa kikishatulia. Mie nilifanya hivyo hivyo. Kwa mtoto ni tofauti, na mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, huyo hana cha kusubiri wala hakuna mzee wa ukoo mwenye ruhusa ya kulimaliza sebuleni.

Ila kuna kitu hakingoji ukishaamua au hujaamua, nacho ni mwili. Mtu akibakwa kuna dawa za kinga ya ukimwi ambazo lazima zianze ndani ya masaa 72, na kila ukiwahi ndio bora, kisha unazimeza siku 28. Kuna vidonge vya kuzuia mimba pia, hivyo vinafanya kazi ndani ya siku tano lakini navyo ni vya kuwahi. Watu wengi wanajua habari ya kesi hawajui habari ya masaa, wanakaa nyumbani siku tatu wanashauriana kina mjomba na ami, mpaka wakubaliane dawa ishapitwa na wakati. Na ukikabwa koo nenda hospitali hata kama shingo haina alama hata moja. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa na tabu, kichwa kikikuzunguka, usiseme tapoa kwa chai ya tangawizi, madhara ya kukabwa yanaweza kuja baada ya masaa au hata siku.

Sasa wapi. Kwetu kuna vituo vinaitwa Mkono kwa Mkono, vimo ndani ya hospitali, cha mwanzo kilifunguliwa Mnazi Mmoja 2011 na sa hivi viko na kwengine, Kivunge, Makunduchi, na kwa ndugu zetu wa Pemba Chake Chake na Wete. Uzuri wake ni kwamba daktari, polisi na mshauri wapo pamoja, hutumwi hapa ukachukue fomu kisha urudi pale ukaeleze upya kisha uende kule ukapimwe. Huduma ni bure. Hii ya kutoelezea kisa chako mara nne kwa watu wanne mie naiona ndio tiba ya kwanza, mana kila ukirudia ni kama unapigwa tena.

Kabla ya kwenda usioge. Najua, hilo ndilo la mwanzo mtu anataka, na kwetu sisi wa udhu na tohara ndio kabisa. Ila kama unaweza kuvumilia, usioge wala usifue, nguo uliyokuwa nayo iweke kwenye bahasha la kaki au ifunge ndani ya kanga safi, usiitie kwenye plastiki. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006 lakini nani asiyekuwa nayo jikoni, na plastiki inatia unyevu, nguo inafanya ukungu na ushahidi unapotea. Na kama ushaoga, nenda vile vile, usijiambie basi tena.

Nani uende naye, hapa nataka tusimame kidogo. Mtu wa kwanza kumwambia si lazima awe mama yako. Mama yangu mie nampenda lakini nilijua atasema nini kabla sijasema, kwamba mke husitiri nyumba yake, na yeye kavumilia, na bibi kavumilia. Ndio muhali wetu huo, mtu anaona taabu kumkatalia shemeji kuliko kumtetea mwanawe. Mimi nilimwambia shangazi yangu mmoja asiyekuwa na maneno mengi, mshona nguo, hata kwenye harusi hukaa pembeni. Aliniuliza kitu kimoja tu, unataka twende leo au kesho. Tafuta mtu wa namna hiyo. Si yule anayelia kukushinda, si yule atakayempigia mume simu amuulize kulikoni, wala yule wa kusema lazima leo leo tumfunge. Na sheha ni kiongozi wetu na wapo masheha wanasaidia kweli, ila kama sheha wenu ni binamu yake mume huna haja ya kuanzia kwake. Mie nilikwenda hospitali bila ya barua ya mtu yeyote.

Polisi nako kuna dawati la jinsia na watoto, ukifika ulizia hilo, usieleze mambo yako kaunta mbele ya watu waliokuja na kesi za pikipiki. Kituo kimoja nilichokwenda na mwenzangu mwaka fulani tuliambiwa nendeni mkasuluhishane, mambo ya mke na mume hayo, tukatoka, tukaenda kwengine tukasikilizwa. Nasema hivi kusudi ujue kwamba ukirudishwa na mtu mmoja hujarudishwa na serikali nzima. Tangu 2021 kuna hata mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji, na kesi ya kubaka ni ya serikali, si mali ya familia iuzwe kwa mahari ya kufunika aibu. Kudai talaka au khului, yaani mke kujivua kwenye ndoa, hiyo ni kwa kadhi, njia nyengine kabisa, na unaweza kuwa na zote mbili kwa wakati mmoja. Kama hujui uanzie ipi kuna ZAFELA, wanasheria wanawake, na kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ushauri wao haukutoi pesa.

Haya, ushauri nasaha wenyewe. Hili ndilo hasa linawatisha watu na ndilo mie nilikuwa nalidharau, nikifikiri mtu ataniambia nini nisichokijua, anijue tokea lini. Kile chumba kilikuwa na viti viwili vya plastiki na feni inayolia kama mlango mbovu, na mshauri mwenyewe ni msichana, mdogo kwangu mie, kajifunga mtandio wa kijivu. Nilikuwa nishajipanga kuhojiwa. Akaniuliza, dada umekula leo? Nikamwambia sijala. Akatoa biskuti mkobani. Kisha nikaanza kumueleza habari ya Tukuza, ule umeme wa kununua kabla, kwamba umeme umeniishia nyumbani na sina pesa ya kununua na watoto wanasoma kwa tochi ya simu, nikalia pale kwa sababu ya umeme, wallahi, kipigo sikukitaja kabisa siku ile. Wala hakunilazimisha. Akasema njoo wiki ijayo, na la umeme tutizame nani anaweza kukushika mkono.

Kwa hiyo ukienda usitunge hotuba. Sema linalokuja. Mshauri mzuri hakwambii muache mume wala hakwambii rudi kwa mume, anakuuliza wewe unaona nini, anakupa njia zilizopo na hatari ya kila moja, uamuzi unabaki kwako. Aliponieleza kwa nini nikisikia kitasa kinazungushwa moyo unaniruka hata kama ni mwanangu karudi skuli, nilihisi kama mtu kanitua mzigo, mana nilikuwa nadhani naingia wazimu. Mtu aliyekaa na hatari muda mrefu mwili wake unabaki macho hata hatari ikishaondoka, usingizi unakatika, unaota yale yale, unakasirika na watoto bila sababu, au hujisikii chochote kabisa, umekaa tu kama gogo. Kwa wengi hupungua taratibu wakiwa na watu wazuri karibu. Mwezi ukipita na bado, au yanazidi, usingoje, hayo yana matibabu.

Alinifundisha kitu cha kufanya ukishikwa na hofu ile. Kanyaga chini miguu yote miwili, kisha taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Nikacheka nikaona mambo ya watoto haya. Halafu siku moja nimo kwenye daladala kapanda mwanamme kajipaka mafuta mazuri yale yale aliyokuwa akijipaka yule mume, nikahisi pumzi zinakatika, nikaanza, kofia ya konda, stika ya Mashallah, kikapu cha mama mwenye ndizi, ukucha wangu, viatu vya mwanafunzi... mpaka tunafika Darajani nshatulia na hakuna aliyejua. Tangu siku hiyo sicheki tena.

Mtasema sasa mbona kwetu mtu akianza hivyo anapelekwa kusomewa. Somewa. Mie nilisomewa ruqya na kombe nimekunywa, na kwa mshauri nilikwenda wiki ile ile, sikuona vikigombana. Ninachokikataa ni mganga anayekwambia una jini ndio mana mume anakupiga. Jini la nani? Aliyeinua mkono anajulikana. Na lile neno la watakwambia umekwenda Kidongo Chekundu, waache waseme, kwanza kumuona mshauri si lazima uende hospitali ya akili, na pili hata ukienda huko umekwenda kutibiwa kama anayekwenda kutibiwa presha.

Lakini pia nikwambie kweli, wapo washauri wabaya. Mmoja kwengine alimkalisha mwenzangu akamsomea subira nusu saa, na yule dada alikuwa na jicho limevimba halifunguki. Ukikutana na wa namna hiyo, shukuru ondoka, omba mwengine. Na nchi yetu ndogo hii, kila mtu jamaa ya mtu, kwa hiyo usione haya kuuliza mapema, wewe wa wapi, unamjua fulani? Ukiona ni jamaa yao sema ningependa mtu mwengine. Uliza na siri: nini kitabaki humu na nini lazima ukiripoti. Mwenye kazi yake atakujibu bila kununa.

Wanaume na vijana wa kiume mnasoma hapa pia najua, mnasoma kimya kimya. Vituo ni vyenu vile vile. Mvulana akifanyiwa watu hukimbilia kusema ataharibika, ndio anazidi kunyamaza mpaka anakuwa mtu mzima na kisirani kisichoeleweka. Kwa mtoto wa kike au wa kiume kuna simu 116, ya bure, piga wewe au apige mwenyewe. Na mtoto akikwambia jambo usimhoji kama polisi wala usimuite bibi na shangazi wote aje arudie, msikilize, mwambie hujakosa kitu umefanya vizuri kunambia, kisha mchukue muende.

Kwa ambaye bado yumo ndani ya nyumba na anafikiria kutoka, nenda taratibu, wakati wa kutoka ndio wakati mtu wa kupiga anakuwa mbaya zaidi, kwa hiyo usimtangazie kwenye ugomvi kwamba kesho mimi sipo. Kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, dawa kama unatumia, na pesa kidogo, vitoe kidogo kidogo uweke kwa mtu unayemuamini. Simu yako kama anaikagua pigia kwa simu ya mwenzako. Mimi vyangu vilikaa kwa shangazi ndani ya mfuko wa vitambaa vya wateja, nani angepekua huko.

Na ukijihisi bora ufe, usikae peke yako, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenzako akisema maneno hayo, usimwache peke yake hata kwenda dukani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ukifika mapokezi usieleze kisa mbele ya foleni. Sema tu naomba kuonana na Mkono kwa Mkono, wao wanajua. Ukiona hata hilo halitoki mdomoni andika kwenye karatasi uwape, mwenzangu mmoja wa Chake alifanya hivyo na akapelekwa ndani bila kuulizwa neno. Mshauri ni rahisi kumkuta asubuhi siku za kazi, ila lililotokea usiku usilisubirishe asubuhi, ingia mapokezi ya dharura waanze na mwili, na uwaambie wazi kama ni kubakwa mana wasipojua hawatakupa zile dawa za masaa 72.